Kichwa cha Kijani kwenye Kisima cha Dada

Mtaani walimwita Spana, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ungemkuta saa yoyote ya mchana ana spana mbili kwenye mfuko wa nyuma, moja kubwa na moja ndogo, suruali imelegea upande mmoja kwa uzito. Akiingia uani kwa watu, alisalimia pampu kwanza, binadamu baadaye. "Naona mkono wake unacheza. Eh, hamjambo humu?" Mke wake alikuwa akisimulia kwamba siku ya harusi yao bwana alichelewa nusu saa kwa sababu alisikia pampu ya watu inalia njiani, akaingia na suti yake kwenda kuikaza. Spana hakukana. Alisema tu kwamba zilikuwa dakika kumi, na kwamba mke wake ni mtu wa kupiga chuku.

Ufundi huo aliupata kwa jasho la dada yake. Wazazi walipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, dada ishirini. Dada alikuwa fundi cherehani, tena wa nguo za maharusi: hariri, lesi, vitambaa vile vinavyoteleza hata ukivitazama. Watoto wa watu wengine walilelewa kwa wimbo, Spana alilelewa kwa mlio wa cherehani. Alipomaliza shule, dada alimshika mkono akampeleka kwa fundi mzee wa pampu, akasema, "Nimekuletea mdogo wangu. Mkali kwa mikono, mvivu kwa maneno. Ukimtuma atafanya, ukimuuliza atanyamaza." Fundi mzee akacheka, akasema pampu hazihitaji maneno. Dada alimjua ndugu yake kuliko alivyojijua mwenyewe.

Sasa, kwa fundi, pampu ya mkono ni vitu viwili. Kuna bomba lililozama ardhini, ambalo halihami, na kuna kichwa, yaani kile chuma cha juu chenye mkono na mdomo wa kutolea maji. Kichwa kimefungwa kwa bolti nne. Kikipasuka, unakitoa, unachukua kingine kwenye kisima kilichokauka au kilichoachwa, unakifunga, maji yanatoka, mwenye nyumba anashukuru. Ni kama kifuniko cha sufuria, kikienea kinafaa. Nyuma ya nyumba yake Spana alikuwa na rundo la vichwa, na kila kimoja alikijua kwa makovu yake. Kwa miaka mingi vichwa vya mtaa ule vilihama nyumba hadi nyumba, wala hakuna aliyeona ajabu.

Kisha wakaja wapimaji wawili na kisanduku chao. Walisema visima vingine vya eneo lile vina aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba ya chini yenyewe, bila mtu kuitia. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukinywa leo huoni kitu, ukinywa miaka ndipo unaona, na mara nyingi umeshachelewa. Wakapita nyumba hadi nyumba, na aliyewaongoza alikuwa Spana, maana nani mwingine alijua kila kisima? Kisima salama kilipakwa rangi ya kijani, chenye sumu kikapakwa nyekundu. Watu wasiojua kusoma wangeelewa. Mtoto angeelewa.

Mpimaji mmoja, mnene mwenye kofia, alichutama na brashi yake mbele ya kisima cha kwanza, akataka kupaka rangi kwenye sakafu ya saruji. Spana akamzuia. "Hapo panalowa kutwa. Mwezi hauishi, rangi imebanduka. Paka kwenye kichwa, chuma kinashika."

Yule bwana akamsifu. Akasema huyu ndiye fundi. Wakapaka vichwa vyote.

Ninapofika hapa huwa natamani kumrukia mtu. Mtaa mzima hapakuwa na aliyejua kama Spana kwamba vichwa vinahama, na sasa yeye ndiye aliyeshauri rangi iwekwe kwenye vichwa. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya fuvu moja bila kusalimiana.

Kisima cha dada kilipata nyekundu. Dada alinung'unika, maana maji yake yalikuwa maangavu na baridi kuliko ya jirani yeyote. "Maji safi hivi yana kosa gani?" Lakini alitii. Ya kisima chake akayaacha kwa kufulia na kudekia, ambayo wapimaji walisema hayana neno, na ya kunywa akayafuata kwenye kisima cha shule, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Baadaye binti yake akajifungua, mbali, uzazi wa shida. Dada akafunga nyumba akaenda kumlea mzazi na mtoto, akakaa huko miaka miwili.

Siku moja akapiga simu: "Mdogo wangu, narudi Jumamosi. Niangalizie nyumba." Spana akaenda Ijumaa jioni. Akakuta kile kichwa chekundu kimepasuka shingoni kwa kutu. Hakutaka dada yake afike na vumbi la safari akose hata maji ya kuoga. Kwenye rundo lake alikuwa na kichwa kizuri, kizima, kilichotolewa kwenye kisima cha shule walipoletewa pampu ya umeme. Akakibeba begani, akakifunga bolti nne, akavuta mara kumi, maji yakaja. Aliporudi nyuma hatua mbili kukitazama, akaiona rangi. Kijani.

Aliiona. Tusimtetee. Alisimama pale na kujiambia kwamba akipake nyekundu. Alikuwa na kopo la rangi nyumbani, lililobaki la wapimaji, lakini jua lilikuwa linazama, na asubuhi alitakiwa kuondoka na gari la kampuni ya ujenzi kwenda kufunga pampu kambini kwao. Nitapaka nikirudi, akasema. Dada anajua kisima chake ni chekundu, hawezi kusahau.

Alirudi baada ya wiki tatu. Alipoingia uani kwa dada alikuta majirani wanne wamekaa, dada katikati anasimulia habari za mjukuu, na katikati yao pana jagi la maji. Dada alipomwona akasimama, akamshika mabega.

"Huyu hapa! Miaka miwili sipo, kaniangalizia nyumba, na wapimaji kaniitia wakarudi, kisima changu kimekuwa kijani! Mgongo wangu huu umepona ndoo za shule. Mungu akupe maisha marefu, mdogo wangu."

Majirani wakapiga makofi. Spana akafungua mdomo. Alikusudia kusema, nami namwamini. Lakini watu walikuwa wengi, furaha ilikuwa kubwa, naye ndiye aliyekuwa anapewa sifa. Akajiambia, wakiondoka nitamweleza. Majirani wakakaa mpaka jioni. Kesho yake dada alikuwa na wateja. Wiki iliyofuata jambo lenyewe lilikuwa limeshakuwa la aibu kulianza, kwa sababu angeulizwa mbona hukusema siku ile. Hapo ndipo akapata uongo wa kujidanganyia: kisima kimepumzika miaka miwili, pengine maji yamejisafisha. Fundi mzima, anayejua kwamba mwamba haupumziki! Alijitia hamnazo, na siku zikaenda.

Zikaenda miaka tisa.

Mwaka wa nne hivi, dada alianza kulalamika juu ya hariri. Kitambaa kilikuwa kinanasa viganjani. Alitazama mikono yake akaona vijidonge vigumu, kama punje za mchanga zimeota ndani ya ngozi. Akavisugua kwa jiwe, vikarudi. "Mikono yangu imekuwa tupa," alimwambia Spana akicheka. "Wewe ndiye ungeihitaji, ukwangulie kutu." Spana akacheka naye. Bibi harusi mmoja akarudisha gauni limefumuka nyuzi kifuani kote, na wa pili akarudisha. Dada akaacha maharusi akashona sare za shule, na sare zikimshinda, magunia. Aliyekuwa akivisha mtaa mzima siku zao nzuri kuliko zote akawa anashona magunia.

Kisha vikaja vidoa kifuani na mgongoni, vyeusi na vyeupe vimechanganyika. Wanawake wakaacha kufua naye beseni moja. Wengine walisema ni ugonjwa wa kuambukiza, wengine wakasema mabaya zaidi. Alichoka upesi, alikohoa, nyayo zikamfa ganzi. Na chini ya wayo wa kushoto kikaota kidonda kilichokataa kupona kwa dawa yoyote ya duka. Haya yote Spana aliyaona. Alimletea dawa za kupaka, alimletea viatu laini, alimletea matunda. Kila kitu alimletea isipokuwa sentensi moja.

Aliyekuja kufumbua jambo ni bibi afya mpya wa eneo, binti mdogo aliyevaa raba na kubeba mkoba mkubwa kuliko yeye. Alikuja kwa ajili ya kidonda. Akakiosha, akakitazama sana, kisha akaomba kuona viganja. Akavipapasa kwa kidole gumba. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza dada.

"Mama, maji ya kunywa unachota wapi?"

"Hapo hapo uani. Kisima changu ni kijani, kimepimwa."

"Naomba nikipime tena."

Dada akampigia simu ndugu yake aje, maana binti anasema maneno asiyoyaelewa. Spana akafika anahema. "Shikamoo dada." "Marahaba. Kaa hapo, huyu mwenzako anapika kitu kwenye chupa."

Binti alikuwa ameshatia maji kwenye chupa ndogo, ameweka unga wake, ameifunga kwa kifuniko chenye karatasi nyeupe ndani, ameiweka kwenye saruji. Akasema wangoje dakika ishirini. Karatasi ikibaki nyeupe, ni heri. Ikigeuka manjano au kahawia, ni sumu, na kadiri inavyokolea ndivyo sumu ilivyo nyingi.

Dakika ishirini ni ndefu. Spana alizikaa zote kwenye kigoda, amekumbatia magoti, anatazama chupa. Angeweza kusema dakika ya kwanza. Angeweza kusema dakika ya kumi na tisa, ikahesabika kwamba yeye kasema kabla karatasi haijasema. Binti akafungua kifuniko. Karatasi ilikuwa ya kahawia iliyoiva.

"Ajabu," binti akasema, akifunua daftari la zamani la wapimaji. "Hapa nyumba hii imeandikwa nyekundu. Kichwa ni kijani, daftari linasema nyekundu."

"Hilo la zamani," dada akasema. "Walirudi wakapima upya nikiwa safarini. Si ndiyo, mdogo wangu?"

Spana akasema, "Hawakurudi, dada."

"Hawakurudi vipi? Wewe ndiye uliyeniambia."

"Sikukwambia. Wewe ulisema, mimi nikanyamaza." Akaeleza yote pale, kichwa kilichopasuka, kichwa cha shule, kopo la rangi, kesho ambayo hakuifanya. Alieleza akiitazama saruji. Alipomaliza, cherehani ya dada ndani, ambayo msichana wa jirani alikuwa anaijaribu, iliendelea kulia.

"Nilichemsha," dada akamwambia binti, si ndugu yake. "Kila siku nilichemsha, nikachuja kwa kitambaa."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Aseniki si kijidudu. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, tena inazidi kukolea. Kitambaa nacho hakiizuii."

Dada akatikisa kichwa polepole. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Ndiyo maana ulikuwa hunywi maji kwangu."

Hili Spana hakuwa amejisemea hata peke yake. Lakini lilikuwa kweli. Miaka tisa, kila alipokaribishwa maji na dada yake alisema ameshakunywa nyumbani, au tumbo halipo sawa, au ana haraka. Hakuwahi kuamua hivyo, midomo yake ndiyo iliamua. Kwa hiyo ile habari ya kisima kupumzika hakuiamini hata siku moja. Aliiamini kwa ajili ya dada tu.

"Nilifikiri mkeo anasema mimi mchafu," dada akasema. "Kwa sababu ya vidoa. Miaka yote nimemnunia mke wa watu bure."

Spana akalia. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, na spana mbili mfukoni, alilia kwa sauti. Dada hakumkanya wala hakumbembeleza. Alimuuliza binti nini kifanyike, na binti akasema: asinywe tena hata tone la kisima hiki wala asipikie maji yake, anywe ya bomba la shule au ya mvua iliyokingwa vizuri, ale vizuri, aende hospitali kesho kwa kidonda. Wanaoacha mapema, ngozi hurudi. Kwake yeye, walioko hospitali wataona, na mapafu na kibofu itabidi vichunguzwe kila mwaka maisha yake yote. Na majirani waambiwe kwamba ugonjwa huu hauambukizi, beseni lake halina kosa.

"Na vichwa vingine?" dada akauliza. Sasa alikuwa anamuuliza fundi. "Tangu wapake rangi, umehamisha vingapi?"

"Vingi, dada."

"Vingapi?"

"Sijui."

"Basi kajue. Usije hospitali kunitazama mpaka umevipitia vyote na umesema kwa mdomo wako. Ukija kabla, nitageukia ukutani."

Alikwenda na bibi afya siku nne, asubuhi mpaka jua kuzama. Alivikumbuka kimoja kimoja kwa makovu yao: hiki kilitoka kwa muuza mkaa, hiki kilikuwa cha msikitini, hiki mkono wake niliuchomelea mimi. Vilikuwa kumi na tisa. Kumi na vinne rangi iliangukia sawa kwa bahati. Viwili vilikuwa vyekundu juu ya maji salama. Mwenye kimoja, mstaafu wa posta, alikuwa amebeba ndoo kutoka mbali miaka sita wakati maji mazuri yako mlangoni kwake. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akauliza nani atamrudishia mgongo wake. Na vitatu vilikuwa vya kijani juu ya sumu. Katika kila ua Spana alisema maneno yale yale: "Rangi hii si ya maji yenu, ni ya chuma. Niliileta mimi." Wengine walimpa pole. Mmoja alimfukuza. Mama mmoja kijana alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amempakata mtoto, kisha akachukua chupa ya mtoto iliyokuwa imejaa, akaimimina miguuni pa Spana.

Safari hii hawakupaka vichwa. Spana alichimba alama kwenye saruji yenyewe kwa patasi, kwa kina, mduara kwa maji salama na msalaba kwa sumu, ndipo akatia rangi humo. Kila nyumba aliwaambia wadai kupimwa tena kila mwaka, na wasimwamini fundi yeyote, hata yeye.

Siku ya tano akaenda hospitali. Dada alikuwa ameshafanyiwa upasuaji. Kidonda kilikuwa saratani ya ngozi, wakamkata vidole vitatu na kipande cha wayo, na kifua bado wanakichunguza. Alikuwa ameegemea mito, mguu umefungwa bandeji nene. Hakugeukia ukutani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada. Kumi na tisa."

"Vibaya vingapi?"

"Vitatu. Na chako."

Dada akafumba macho kidogo. Wauguzi walipita, kitanda cha pili mgonjwa alikoroma. Spana alitaka kuomba msamaha, lakini neno lilimwia dogo mno kulitoa.

"Nina kiu," dada akasema.

Akaruka kama aliyeitwa. Palikuwa na jagi la hospitali mezani, na kikombe cha bati. Akamimina, akamletea kwa mikono miwili. Dada hakukipokea. Alikitazama kikombe, akamtazama yeye, bila hasira, kama anavyotazama kitambaa kipya kabla hajakikata.

"Kunywa wewe kwanza," akamwambia.

Spana akanywa. Dada akamtazama koo mpaka akameza, ndipo akanyoosha mkono.